Kumlea Kobe Mchanga: Niliyofunzwa na Kibiriti

Mlezi wa chama chetu alipotangaza kwenye paredi kuwa mwaka huu anataka makala ya maarifa, si hadithi za mapenzi tu, nilinyosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Wenzangu walidhani nitaandika kuhusu kandanda. La hasha! Nataka kuwaeleza jinsi ya kumlea kobe mchanga, yule anayetoshea kwenye kiganja cha mkono.

Kwanza tusahihishane. Kobe ni wa nchi kavu, kasa ni wa baharini. Kobe ana miguu minene kama ya tembo mdogo. Kasa ana makasia. Nimesema haya kwa sababu katika mtihani wa kidato cha kwanza nusu ya darasa letu (nami nikiwamo, sioni haya kukiri) tuliandika kuwa kobe hutaga mayai ufuoni. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

Sasa sikiliza kisa. Ilikuwa mwezi wa Novemba 2023, shule zimefungwa, nami nimemaliza kidato cha kwanza. Mtakumbuka mvua za El Niño zilivyotupiga mwaka huo. Kwetu Kibwezi, ambako tumezoea kuomba mvua, tulianza kuiomba ikome. Asubuhi moja mjomba alinituma shambani nikazibue mtaro wa fanya juu uliokuwa umefurika. Nikiwa katika hali ya kuchota tope kwa sepetu, nikaona kitu kama jiwe dogo la rangi ya manjano na madoa meusi kinaelea. Kumbe jiwe hilo lina miguu! Nilikiokota, nikakipangusa kwa shati, nacho kikanitolea kichwa kikanitazama. Urefu wake ulikuwa sawasawa na kisanduku cha kiberiti. Dada yangu mdogo hakupoteza wakati, papo hapo akambandika jina la Kibiriti.

Alikuwa kobe wa madoadoa kama ya chui, aina ambayo ndiyo ya kawaida katika nchi kavu za Makueni, Kajiado na Taita. Mkubwa wake hufika kilo kumi na tano na hata zaidi, lakini anapoanguliwa ana gramu thelathini hivi. Mama yake huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, akaulainisha udongo kwa maji ya mwilini mwake, akataga mayai meupe ya mviringo, akafukia na kwenda zake moja kwa moja. Hamjui mtoto wala mtoto hamjui. Mayai hukaa ardhini miezi minane, mwaka, na pengine zaidi, yakingoja mvua ilainishe udongo ndipo vitoto vitoke. Jambo lililonishangaza zaidi nilipolisoma ni kuwa joto la udongo ndilo linaloamua jinsia: shimo likiwa na joto jingi hutoka majike, likipoa hutoka madume.

Basi nikampeleka nyumbani. Hapo ndipo makosa yangu yalipoanza, na naomba uyasome kwa makini maana nina hakika wengi mngeyafanya vilevile.

Nilimweka ndani ya katoni ya sabuni, nikamtandikia kitambaa cha sweta kuukuu, nikamsukuma chini ya kitanda ili paka asimwone. Nyanya akasema, "Mjukuu wangu, mtoto ni mtoto, mpe maziwa." Tukampa maziwa kwenye kifuniko cha chupa. Dada akamletea mkate uliochovywa kwenye chai. Mimi nikamletea ugali na vipande vya nyanya (za kupikia, si bibi yangu!). Alipenda sana zile nyanya. Tukasema, ala, huyu kobe ni wetu kabisa. Tulimtoa kila jioni tukamchezesha mezani chini ya taa ya sola, wageni wakija tunamwonyesha.

Kufikia Krismasi Kibiriti alikuwa amebadilika. Alilala mchana kutwa, macho yamefumba. Akitembea, tumbo linaburuzika. Siku moja nilipombonyeza kidogo mgongoni, gamba lilibonyea kama ganda la ndizi iliyoiva. Moyo ulinipasuka. Gamba la kobe mchanga huwa na ulaini kidogo, hilo ni kweli, lakini hili halikuwa gamba tena.

Shule zilipofunguliwa Januari 2024 nilimbeba katika mfuko wa shati hadi kwa mwalimu wetu wa baiolojia. Alimgeuza polepole, akamtazama chini na juu, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Kijana, huyu mtoto ana njaa ya jua."

Sikumwelewa. Nilimwambia, "Mwalimu, anakula kuliko mimi." Ndipo aliponiketisha maabarani akanieleza mambo ambayo ndiyo msingi wa makala haya.

Gamba la kobe si nyumba anayoibeba kama konokono. Ni mifupa yake. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana na kuwa kuba moja, juu yake pametandazwa vigae vya kitu kile kile kinachofanya kucha zetu. Kwa hivyo anapokua, anajenga mifupa mwili mzima kwa wakati mmoja, na mifupa haijengwi bila kalsiamu. Kalsiamu nayo haiingii mwilini bila vitamini D3, na vitamini hiyo kobe huitengeneza ngozi yake inapopigwa na miale ya jua ile isiyoonekana kwa macho, ya urujuanimno. Chini ya kitanda miale hiyo haifiki. Hata dirishani haifiki, maana kioo cha kawaida huizuia. Taa yetu ya sola ilikuwa pambo tu. Mwili wa Kibiriti ulipokosa kalsiamu kwenye chakula ulianza kuikopa kutoka kwenye mifupa, yaani kutoka kwenye gamba lenyewe.

Jua lina kazi ya pili. Kobe hana moto wake mwenyewe mwilini kama sisi, huuazima nje. Asipopata joto, chakula hukaa tumboni bila kusagika, hata ale namna gani. Anahitaji mahali pa kuota jua penye nyuzi 32 hadi 35 hivi, na kando yake kivuli cha nyuzi 25 au 27 akimbilie akishashiba joto. Sikiliza vizuri neno hilo kivuli. Kobe mdogo aliyeachwa kwenye karai juani bila kivuli anaweza kufa kabla hujamaliza kufua soksi, maana mwili wake ni mdogo na hupata moto upesi. Usiku, kwa kobe mchanga, pasipoe chini ya nyuzi 20. Sisi wa Kibwezi hatuna taabu na hilo, ila ndugu zetu wa Limuru na Nyahururu mwezi wa Julai itawabidi wamlaze ndani mahali pa joto. Tena kobe wetu wa madoadoa halali usingizi wa miezi wakati wa baridi kama wale wa Ulaya. Ukimwona amelala siku tatu usiseme amelala, sema anaumwa. Huko Ulaya na Marekani, ambako jua ni la kubahatisha, wafugaji hununua taa maalumu za kutoa miale hiyo. Sisi tumepewa bure, tukaificha chini ya kitanda!

Nilitengeneza kizimba siku hiyo hiyo. Mjomba alinipa mbao za kitanda kilichovunjika, nikapiga kizimba cha urefu wa mita moja na nusu na upana wa mita moja. Kuta ziwe za mbao, si za waya, kwa sababu kobe akiona upande wa pili hatakubali kamwe kuwa hawezi kupita. Atasukuma waya hadi pua itoke damu. Juu ndiko nilikofunika kwa waya ya kuku, na usidhani ni mzaha: kunguru, mwewe, kenge, panya, paka na mbwa wote humwona kobe mchanga kuwa ni mandazi yenye miguu. Siafu pia. Hao nilikuwa nikiwawekea mviringo wa jivu kuzunguka kizimba kila jioni. Ndani niliweka udongo wa kawaida (si mchanga mtupu, maana huumeza pamoja na chakula ukamziba tumbo), jiwe bapa la kuotea jua, na nusu ya chungu kilichovunjika cha nyanya, kikiwa kimefunikizwa awe na pango lake. Pango hilo alilipenda kuliko kitu chochote. Mtoto wa kobe porini hujificha karibu siku nzima chini ya majani. Kumweka wazi akodolewe macho na wageni ni kumtesa.

Sasa maji. Wengi husema kobe ni wa jangwani, hahitaji maji. Uongo mtupu! Kila asubuhi nilitia maji ya vuguvugu kwenye sahani ya bati, kina kisichopita kidevu chake, nikamweka humo kwa dakika kumi na tano au ishirini. Hakika ni jambo la kupendeza kulitazama: huzamisha pua, koo likaanza kupanda na kushuka, akanywa kama mzee aliyetoka safari. Kisha, samahani kwa wanaosoma wakila, hujisaidia humo humo. Usikasirike, tazama. Kile kitu cheupe kinachotoka pamoja na mkojo kikiwa laini kama uji, maji yanamtosha. Kikiwa kigumu kama chokaa au chembe za mchanga, ana kiu, na akiachwa hivyo muda mrefu huweza kupata mawe kibofuni. Ukimaliza mwage maji, oshea sahani mbali na vyombo vya jikoni.

Unyevu una faida nyingine ambayo hata mwalimu hakuijua, tuliisoma pamoja. Pengine umewahi kuona kobe wa kufugwa ambaye kila kigae cha mgongo kimeinuka kama kichuguu. Zamani watu walidhani ni kwa sababu ya kulishwa protini nyingi. Watafiti wa Vienna, nchini Austria, walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kuwalea vitoto vya kobe wa Saheli kwa vyakula mbalimbali na hewa za unyevu tofauti. Waliolelewa penye hewa kavu ndio walioota vichuguu, na protini ilikuwa na athari ndogo tu. Kwa hiyo nikawa nanyunyizia maji upande mmoja wa kizimba, ule wa chungu, ubaki na ubichi, na upande wa pili ubaki mkavu. Si tope, ubichi tu.

Tukija kwenye chakula, sahau jikoni. Kobe hana meno wala hana haja na ugali wako. Yeye si mnyama wa kunyonya, hivyo tumbo lake haliwezi maziwa hata tone. Mkate humvimbisha. Nyanya na matunda matamu humharisha. Chakula chake ni kile anachokitupa mkulima: nyasi laini na magugu ya majani mapana. Mimi nilimkatia vipande vidogo vidogo vya majani ya kunde, majani ya viazi vitamu, maua ya haibiskasi na mpungate. Mpungate nilikuwa nikiuchoma miiba kwenye moto kwanza, kisha naukatakata kama bamia. Sukuma wiki si haramu, ila iwe mara mojamoja. Spinachi nimeiacha, kwa kuwa ina asidi inayoishika kalsiamu na kuizuia kuingia mwilini, yaani unampa kwa mkono wa kulia unamnyang'anya kwa wa kushoto. Usimchumie kando ya shamba lililopigwa dawa. Usimpe kabisa lantana ya uani wala majani ya mbarika. Hayo ni sumu.

Ya kuongezea kalsiamu, shangazi aliyetoka Mombasa alituletea ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufuoni. Niliuweka kizimbani, Kibiriti akawa anaukwaruza kwa mdomo kama anayenoa kisu. Usipokuwa na shangazi Mombasa, chemsha maganda ya mayai, uyaanike, uyasage yawe unga, unyunyize kidogo juu ya majani.

Daktari wa mifugo alipokuja kuwachanja mbuzi wa mjomba nilimwomba amtazame pia. Alicheka kwanza, kisha akamtazama kwa utaratibu mkubwa. Akanifundisha dalili: mapovu puani, kupumua kwa mdomo wazi, macho yaliyovimba, kukataa chakula siku kadhaa. Hizo si za kungojea. Akanionya nisimpake rangi gamba wala nisilitoboe kumfunga kamba, jambo ambalo nimeliona likifanywa kwa macho yangu mwenyewe. Lile gamba lina hisia, kutoboa humo ni kutoboa mfupa. Na ukishamshika, nawa mikono kwa sabuni, maana kobe hata akiwa mzima huweza kubeba bakteria wa salmonela. Dada yangu aliyekuwa akimbusu kila asubuhi alipigwa marufuku siku hiyo, akanuna hadi jioni.

Kila Ijumaa nilimpima kwenye mizani ya maabara. Ijumaa ya kwanza, gramu 27. Ya pili, 27. Nilikata tamaa. Ya tatu, 29. Niliruka hadi nikagonga kichwa kwenye rafu ya chupa.

Sasa nifikie lile ambalo nimekuwa nikiliahirisha. Siku ile ya kwanza maabarani, baada ya kunieleza habari za jua, mwalimu aliniuliza, "Na kibali unacho?" Nikauliza, kibali cha nini? Akatoa pumzi ndefu. Kobe huyu ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hakuna ruhusa ya kumchukua porini na kumweka nyumbani bila kibali. Haijalishi kuwa ulimwokota kwenye mtaro. Haijalishi kuwa unampenda.

Wengine mtasema, kobe tu? Mwaka 2025 mahakama moja jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa ajili ya kujaribu kutorosha malkia wa chungu. Chungu, wadudu wale! Kobe wanawindwa zaidi kwa biashara hiyo. Jirani zetu wa Kitui na Tharaka wana kobe bapa, mwembamba kama chapati, anayejipenyeza katika nyufa za mawe. Jike lake hutaga yai moja tu kwa mara moja, kwa hiyo akichukuliwa mmoja pengo lake halizibiki upesi. Mwaka 2019 mkataba wa CITES ulimpandisha kwenye orodha ya kwanza, ile ambayo biashara yake ya kimataifa imekatazwa.

Hesabu nyingine nilijifanyia mwenyewe usiku. Kobe wa madoadoa huishi zaidi ya nusu karne. Mzee wa Haller Park kule Mombasa, yule aliyefanya urafiki na kiboko Owen aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alikuwa ni wa jamii ya kobe wakubwa wa Aldabra na alikadiriwa kupita miaka mia. Jonathan wa kisiwa cha St Helena, anayekadiriwa kuanguliwa 1832, alifanyiwa sherehe ya miaka 190 mwaka 2022. Nami mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitano, sijui hata nitasomea wapi. Nani angekata mpungate mimi nikienda?

Tuliwapigia simu maofisa wa wanyamapori juma lile lile, mwalimu akiwa ndiye msemaji. Nilifikiri nitatiwa pingu. Sauti ya upande wa pili ilimwambia mwalimu tuendelee kumtunza kwa maelekezo ya daktari, tusimwachilie wenyewe. Hilo nalo linatakiwa kujulikana: kobe aliyekaa na watu huweza kuwapelekea wenzake wa porini magonjwa, na tena mgonjwa asiyejua kujificha hawezi kumaliza juma moja huko. Kumwachilia si sawa na kumrudishia uhai wake.

Ofisa alikuja mwezi wa Machi, Ijumaa ya nane. Kibiriti alikuwa na gramu 41. Nilimbonyeza gamba mbele yake kwa kidole, likakataa kubonyea. Nilimkabidhi pia daftari langu la uzani na vyakula, akalifungua, akasoma kurasa mbili tatu akiwa amesimama juani, akaniuliza kama anaweza kwenda nalo. Nikasema ndiyo, afande. Alisema atapelekwa kwanza kutazamwa na madaktari wao, kisha wataamua. Akamtia kwenye sanduku lenye matundu na majani ya kunde niliyoyachuma mwenyewe asubuhi. Dada hakutoka nyumbani kuaga.

Kizimba kingali pale nyuma ya jiko. Mjomba amekitia vifaranga. Mwenye swali kuhusu kobe anitafute Kidato cha Tatu Mashariki wakati wa mapumziko, lakini asije na kobe mfukoni.